Koti Lenye Uchafu Mgongoni

Siku shemeji yake alipomvunja mdogo wake mkono, Bi Povu alikuwa ameshika pasi. Pasi ya mkaa, nzito, imejaa moto mpaka inatema cheche, na haikumsaidia kitu. Baadaye watu walimwuliza, "Na pasi ulikuwa nayo mkononi, mbona hukumbandika nayo usoni?" Swali rahisi sana kuuliza ukiwa umekaa. Yeye alichofanya ni kuiweka kwanza pasi juu ya kigae chake, taratibu, asije akaunguza shuka la mteja, ndipo akaruka. Ndiyo udobi huo. Mkono umezoea kuokoa nguo kabla ya kuokoa mtu.

Jina la Bi Povu alipewa na mtaa. Walisema ni kwa ajili ya sabuni, lakini waliowahi kumkasirisha walijua kuna povu jingine. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, vifundo vya vidole vimevimba kwa maji, mikono imekamua mablanketi tangu hajavunja ungo. Banda lake la kufulia lilikuwa la mabati, sakafu ya saruji, bomba kwenye pembe, hodhi la saruji la kusuuzia, meza ndefu ya kupigia pasi, na kwa nyuma kamba za kuanikia. Humo ndimo alimompokea mdogo wake wa tumbo moja, aliyekimbia kwa mumewe na nguo alizovaa na jicho moja limefumba.

Mume mwenyewe alikuwa na bucha pale kwenye kona. Jitu kubwa, shingo fupi, mcheshi. Alikata nyama huku foleni nzima inacheka, na ukimwambia mtu kwamba huyo anapiga mke, unajibiwa, "Nani, yule? Na utani wake wote ule?" Kana kwamba mwenye utani hana ngumi.

Alikuja asubuhi, watu wameshaamka, kavaa shati lake zito la bluu. Bi Povu alilijua shati hilo kuliko alivyomjua mvaaji. Enzi za ushemeji mwema alilifua, akalitia wanga, na ukosi ulipoanza kuchanika akaushona upya kwa uzi wa magunia, mishono miwili miwili, ili shemeji apendeze.

"Shemeji, habari za kazi?" alisema mlangoni, kama mtu aliyeleta nguo.

"Sema shida yako ukiwa hapo hapo nje."

"Nimekuja kuchukua changu."

"Chako kipi? Aproni zako zilishaondoka zamani."

Akacheka. Huyo ndiye mtu mwenyewe, anaanza kwa kucheka. Kisha akapita ndani, akamshika mkewe nywele, akazizungusha kwenye ngumi kama mtu anayevuta kamba ya ndoo kisimani, akamburuta juu ya meza na mashuka na vyote vilivyokuwa juu yake. Ndipo Bi Povu akaweka pasi kwenye kigae. Ndipo akamrukia mgongoni. Shemeji alijikung'uta mara moja tu, na Bi Povu akaruka mpaka kwenye hodhi, taya likagonga ukingo, jino likadondokea kwenye maji ya buluu ya kung'arishia nguo. Aliliona likizama. Na akiwa bado analitazama alisikia mkono wa mdogo wake ukivunjika, sauti ya ukuni mkavu, halafu ukelele.

Muuza mboga na fundi cherehani walikuwa wamesimama mlangoni. "Jamani, mzee, inatosha," alisema fundi cherehani, kwa sauti ya kumwomba mtu apunguze redio.

Mwenye bucha akanyoosha ukosi wa shati lake. "Mfupa ukiunga nakuja kumchukua," alimwambia Bi Povu. "Kilema nitampa kazi gani? Mtunze vizuri, shemeji. Nataka nimkute mzima."

Kituoni, askari wa zamu aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hayo ni mambo ya nyumbani, wakakae wazungumze.

"Nitazungumza vipi na jino liko kwenye hodhi?" aliuliza Bi Povu, damu inamtoka kwenye fizi. Askari akacheka kidogo, akaita anayefuata.

Hospitali wakaufunga mkono kwa plasta ngumu nyeupe kuanzia kiganjani mpaka juu ya kiwiko, na tangu siku hiyo ile plasta ikawa ndiyo saa ya nyumba. Siku itakapotolewa, atakuja. Hawakuwa na pa kuhamia. Dobi anahama vipi na hodhi lake la saruji? Mdogo mtu akaanza kusema maneno ya kinyonge.

"Labda nikirudi mwenyewe, dada, atapunguza hasira."

"Ukirudi kule utatoka umebebwa."

"Sasa tutafanyaje?"

Bi Povu alikuwa anakamua blanketi la mteja. Akalinyonga mpaka likatoa tone la mwisho. "Najifunza kupigana," akasema.

Mdogo wake alicheka kwa mara ya kwanza tangu aje pale, akacheka mpaka mkono ukamuuma, akaanza kulia. "Dada, wewe na hayo magoti!"

Lakini Bi Povu hakuwa anatania, wala hakuwa anakwenda kubahatisha. Kwenye banda lake zilikuwa zinaletwa nguo za madarasa matatu ya mapigano ya mtaa ule, furushi kwa furushi, na yeye watu alikuwa akiwajua kwa uchafu wao. Alijua nani analala na viatu, nani anakula kitandani, nani ana mwanamke wa pembeni. Ashindwe kujua nani anafundisha kupigana? Akayafungua mafurushi yote matatu sakafuni, akayapanga, akainama kama mganga.

La kwanza lilikuwa la karate, sare nyeupe za mikunjo iliyonyooka. Zilikuja nyeupe, zikaondoka nyeupe. Kwapani jasho kidogo, basi. La pili lilikuwa la ngumi, fulana na bukta, na hizo zilikuwa na damu. Kila mara zilikuwa na damu, kifuani, begani, mpaka kwenye mpira wa kiuno. La tatu yalikuwa makoti mazito ya judo kutoka kwenye karakana ya seremala. Hayo yalikuwa na uchafu mgongoni tu, na kosi zimechanikachanika, na hata tone la damu hakuna.

"Hawa wanaangushwa tu," alisema Bi Povu, akayasukuma makoti kwa mguu. "Mtu anayeangushwa kila siku atanifundisha nini?"

Alianza na karate kwa sababu ukumbi ulikuwa karibu. Mwalimu alikuwa kijana msafi, ananukia, na alimpokea vizuri sana. Akamweka mstari wa nyuma na watoto wa shule, wakapiga hewa. Wakapiga hewa ya mbele, wakapiga hewa ya kando, wakapiga kelele kwa pamoja mpaka madirisha yakatetemeka. Bi Povu alipiga hewa kwa bidii mpaka akaishiwa pumzi, ndipo akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na mtu akinishika nywele?"

"Hilo tunafundisha kwenye mkanda wa kijani, mama."

"Na mimi ni wa mkanda gani?"

"Wewe bado huna mkanda."

"Basi nitamwomba mwenzangu asubiri mpaka niupate," alisema, akatafuta kandambili zake.

Hakukasirika sana, maana moyo wake ulikuwa kwenye damu. Penye damu ndipo penye kazi. Alikwenda kwenye darasa la ngumi akiwa na furushi safi kichwani, akalitua, akamwambia kocha anataka kujifunza. Kocha alikuwa mwanamume wa mikono mirefu, pua imelala upande mmoja. Alimtazama juu mpaka chini, akawakonyeza vijana wake.

"Dobi! Umekuja kutufua?"

"Nimekuja kufundishwa."

"Vizuri. Hapa anayeingia anaonjeshwa kwanza." Akamvisha glavu zilizokuwa na unyevu wa mikono ya mtu mwingine, akamwingiza ulingoni, akaingia mwenyewe.

Ngumi ya kwanza ilimpata kwenye fizi ile ile iliyotoka jino. Ya pili hakuiona. Vijana walikuwa wanashangilia pembeni, wanapiga kamba kwa viganja. Bi Povu alirusha mkono, ukaenda kusikojulikana, akapigwa tumboni mpaka akainama, na alipoinama akapigwa puani kutoka chini. Kitu kikalia ndani ya kichwa chake kama sufuria iliyoanguka. Akasimama. Akapigwa tena. Damu ilimwagika kwenye fulana yake kifuani, begani, ikateremka mpaka kiunoni, na alipoiangalia akaijua. Alikuwa ameifua mara nyingi. Alijua kabisa inakaa wapi.

Ndipo akamtazama kocha. Fulana ya kocha ilikuwa nyeupe pee.

Jamani, mtu unaweza kuwa na macho usione! Zile fulana zenye damu zote zilikuwa ndogo ndogo, za wanafunzi wapya. Zile kubwa za kocha zilikuwa zinakuja safi kila mara, anazikunja, anazifunga, anazirudisha, na hata siku moja hakujiuliza. Alisoma damu, akasahau kuuliza ni ya nani.

"Unalia?" aliuliza kocha.

"Pua inalia yenyewe. Mbona hujanionyesha kukwepa?"

"Utajifunza ukishachoka kupigwa. Nakupiga kwa faida yako, mama. Usinichukie."

Maneno hayo Bi Povu aliwahi kuyasikia, neno kwa neno, kupitia ukuta wa chumba cha mdogo wake, siku alipokwenda kumtembelea kwa mumewe. Akavua glavu kwa meno. Moja akaitupa chini. Ya pili, ikiwa nzito kwa jasho na damu yake mwenyewe, akampiga nayo kocha usoni, kibao cha kumfukuza mbwa jikoni.

"Na nguo zenu kuanzia leo mtafute wa kuwafulia," akasema, akatoka, furushi kaliacha.

Furushi la judo lilikuwa bado linasubiri kupelekwa. Alilipeleka siku hiyo hiyo, uso umevimba upande mmoja, kwa sababu kazi ni kazi. Seremala alikuwa mwanamke mnene wa sauti ya chini, kalamu ya risasi imechomekwa kwenye nywele muda wote. Mbele ya karakana alitengeneza vitanda na makabati. Nyuma alitandika magodoro ya turubai yaliyojazwa unga wa mbao, na hapo ndipo alipofundisha vijana wa kupakua mizigo, nesi mmoja, na yeyote aliyekuwa na shida.

Aliutazama uso wa Bi Povu, akapokea furushi. "Umetoka kwa kocha?"

"Nimetoka kwa mjinga mwenzangu."

"Unayetaka kupigana naye ni mkubwa kuliko wewe?"

"Kama kabati."

"Sasa kabati unalipigia ngumi za nini?" Seremala akaligeukia kabati la milango miwili lililokuwa pale linasubiri vanishi. Akalishika pembe ya juu, akalivuta kwake kidogo, likainama kwa mguu mmoja. Lilikuwa linakaribia kuanguka lote, naye ameshika kwa vidole. "Unamshika. Unamvuta. Akishainama, uzito ni wake, siyo wako. Vua kandambili."

Siku hiyo hakufundishwa kumwangusha mtu. Alifundishwa kuanguka. Aliangushwa kwa mgongo, kwa ubavu, kwa tumbo, akaangushwa na seremala, na nesi, na kijana wa mizigo aliyekuwa anamwomba radhi kila akimtupa, "Samahani mama, samahani mama," puu! Unga wa mbao ulimwingia masikioni. Alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyebeba mtungi, na koti aliloazimwa lilikuwa jeusi mgongoni. Mdogo wake akalichukua, akalitazama, akaguna.

"Umelala chini siku nzima?"

"Nililazwa."

"Na kesho?"

"Kesho kutwa narudi."

Walichokuja kugundua wote, na seremala kabla ya wote, ni mikono ya Bi Povu. Ikishamshika mtu kola, haitoki. Vijana wa mizigo walijitahidi kuinasua, wakavuta, wakajipindua, wakaishia kucheka kwa aibu. Mikono ile ilikuwa imenyonga mablanketi ya maji maisha yake yote. Shati lenye mtu mkavu ndani yake lilikuwa kazi nyepesi. Basi seremala akamfundisha kukaba. Mikono inapishana, vidole vinaingia ndani kabisa ya ukosi, unageuza viganja kama unakamua, unavuta viwiko kwako.

"Hapa hatuna mikanda ya rangi," seremala alimwambia, "tuna sheria moja tu. Unayemkaba akipiga chini kwa kiganja, pa, pa, unaachia. Pale pale. Huulizi, huhesabu, humalizii. Asiyeachia hapa kwangu harudi tena, hata awe mama yangu mzazi. Nataka mikono yako isikie kabla ya masikio."

Wakalifanya hilo mpaka likawa kama kupumua. Anakaba, pa, pa, anaachia. Anakabwa mpaka macho yanaona nyota, anapiga, anaachiwa, anakohoa, wanaanza upya. Alipigwa viwiko, akanyongwa, akang'oka kucha ya mguu, akateguka kidole gumba akakivuta mwenyewe kikarudi. Usiku alilala kama gogo. Asubuhi alifua.

Halafu plasta ikatolewa. Mkono ulitoka mwembamba, umepauka, una vinyweleo kama wa mtu mwingine. Walipopita kwenye kona kurudi nyumbani, mwenye bucha alikuwa anapasua mfupa. Akainua shoka lake dogo, akawapungia.

Alikuja siku ile ile, jua la mchana, shati la bluu.

Bi Povu alikuwa anasugua, pekupeku, sakafu yote ni povu. Mdogo wake aliinuka kabla hajaambiwa neno. Na hapo ndipo moyo wa Bi Povu ulipodondoka, kwa sababu chini ya meza kulikuwa na mfuko wa nguo umeshafungwa tayari.

"Naenda, dada," alisema mdogo wake, hatazami mtu. "Sitaki akuumize tena."

"Umeona?" alisema mwenye bucha, anacheka. "Mwenyewe ana akili. Nyie wengine mnajichosha na judo." Akaushika mkono ule mwembamba pale pale ulipovunjikia, akaubana kidogo, ampime. Mdogo mtu akapiga magoti kwa maumivu.

"Mwachie," alisema Bi Povu.

"Au utanifua?"

Akampiga. Alimpiga kwa mgongo wa kiganja, ovyo, kama anayefukuza nzi, na midomo ya Bi Povu ikapasuka. Lakini yeye alikuwa ameshapenya ndani ya ule mkono, karibu na kifua cha mtu. Vidole vyake viliukuta ukosi wa bluu, vikapishana, vikaingia mpaka kwenye mshono wa uzi wa magunia. Jitu lilisukuma mbele limsage ukutani. Basi Bi Povu hakulizuia. Alikaa chini. Alikaa kwenye povu, akaweka mguu kwenye kitambi cha mtu, akavuta. Viatu vya buchani vikateleza. Mwenye bucha alipita juu ya kichwa chake, mzima mzima, akapiga saruji kwa mgongo mpaka mabati ya banda yakalia.

Bi Povu akampanda kifuani. Akakamua. Uso wa shemeji ukawa mwekundu, ukawa wa zambarau, mshipa ukasimama kwenye paji. Kucha zake zilimchana Bi Povu mashavuni, zikatafuta macho. Miguu ikapiga ndoo, ndoo ikaruka. Mkono mmoja ukatapatapa pembeni, kiganja kikapiga sakafu ya maji, pa, pa.

Na mikono ya Bi Povu ikaachia.

Yenyewe! Kabla hajafikiri! Alikuwa bado anaiangalia imefunguka, kama mikono ya mtu mwingine, wakati ngumi ilipompata kwenye sikio la kulia. Ndani ya sikio kitu kikapasuka, na upande huo wa dunia ukazimika. Mwenye bucha aliinuka anakohoa, machozi yanamtoka, na sasa hakuwa anacheka. Akampiga teke la ubavu. Akampiga la pili, na mbavu zikaitika. Akamwinua kwa nywele, akampeleka kwenye hodhi, akamzamisha kichwa, akakishikilia huko chini kwa mikono miwili.

Maji yalikuwa ya buluu. Bi Povu aliona mikono yake mwenyewe inapiga ukingo wa saruji, pa, pa, pa, na akajua, jinsi mtu anavyojua jina lake, kwamba huyu hataachia. Huyu hana sheria hiyo.

Aliyemwokoa ni yule yule wa kuokolewa. Mdogo wake alilinyanyua kutoka kwenye karai blanketi la watu wawili, limejaa maji, kitu ambacho mwanamume mzima anakiinua kwa kuguna, akalinyanyua kwa mkono mzima na mkono mbovu, akapiga kelele iliyomtoka huko tumboni kabisa, akamtupia mumewe kichwani. Mwenye bucha akayumba. Akaachia nywele ili ajitoe kwenye giza lile.

Bi Povu alitoka majini anatapika. Blanketi lilipodondoka alikuwa nyuma ya mtu wake. Mkono mmoja ukapita mbele ya shingo, ukashika ukosi upande wa pili. Mwingine ukavuta chini. Akaning'inia na uzito wake wote kama nguo ya maji kwenye kamba. Wakaanguka pamoja, yeye chini, miguu imemfunga kiunoni. Mbavu zilimpigia mayowe. Alikamua. Shati lolote lingine lingechanika. Hilo halikuchanika, kwa sababu alilishona yeye, kwa mapenzi, mishono miwili miwili.

Kiganja kikapiga chini. Pa, pa. Pa, pa, pa.

Bi Povu alikamua.

Mlangoni walikuwepo wote, muuza mboga, fundi cherehani, watu wa foleni ya bucha na mifuko yao mikononi. Hakuna aliyesema inatosha. Kiganja kikapiga polepole, kikalegea, kikalala kwenye povu. Mdogo mtu akapiga magoti karibu, akaweka mdomo kwenye sikio la kushoto la dada yake.

"Dada, amelala. Mwachie. Dada! Unataka nikuletee chakula gerezani na mkono huu mbovu?"

Mikono ikaachia.

Mwenye bucha alirudi duniani anakoroma. Alikaa, akatazama huku na huku kama mtoto aliyeamshwa nyumba ya ugenini, akaona watu, kisha akaona suruali yake. Ilikuwa imelowa mbele, na hayo hayakuwa maji ya hodhi.

"Ukitaka ifuliwe iache hapo," alisema Bi Povu, anatema damu. "Ila sisi na wewe basi."

Hakuna aliyemgusa. Walimpisha tu. Na kesho yake foleni ilikuwepo kama kawaida, maana watu lazima wale, ila mteja wa kwanza alipofika mbele, kabla ya kuagiza, alipiga kaunta kwa kiganja, pa, pa. Wa pili naye, pa, pa. Mpaka bibi mmoja mwenye fimbo, pa, pa, "Nipe ya mfupa, baba." Utani alioutaka akaupata. Hakukaa sana, siku moja bucha ilikutwa imefungwa, ndoano tupu zinaning'inia, na hakuna aliyeuliza kaenda wapi. Ule mfuko wa chini ya meza mdogo mtu aliufungua mwenyewe, nguo akazianika.

Siku ya darasa Bi Povu alikwenda kwenye karakana, mbavu zimefungwa, sikio limevimba kama kitunguu. Moyo ulimdunda kuliko siku ya vita. Habari zilikuwa zimefika kabla yake. Vijana wa mizigo na nesi wakaangalia magodoro. Seremala alikuwa anapiga randa ubao. Hakumpongeza.

"Nasikia alipiga chini."

"Alipiga."

"Ukaachia?"

"Mara ya kwanza niliachia. Mikono iliachia, mimi sikuulizwa."

"Na mara ya pili?"

Bi Povu akamtazama machoni. "Ya pili sikusikia. Alikuwa ameshanipasua sikio."

Seremala akaweka randa chini. Akaja karibu, akamshika kidevu, akamgeuza kichwa, akalikagua lile sikio kama anayekagua ubao wenye ufa. "Hili ni la kulia. La kushoto lilikuwa na nini?"

"La kushoto lilikuwa linamsubiri mdogo wangu."

"Na yeye alipokwambia?"

"Niliachia."

Seremala akachomoa kalamu kwenye nywele, akairudisha pale pale. Vumbi la mbao lilikuwa linaelea kwenye mwanga wa dirisha. Hatimaye akanyoosha mkono kwenye msumari, akatoa koti, akamtupia.

"Vaa," akasema. "Tunaanza na kuanguka."